Kila jioni, wikendi, au maalimu aje nyumbani? Kuchagua ratiba ya dini kwa watoto

Kila shule zikifunguliwa hunijia ujumbe wa sauti uliorekodiwa ndani ya tuktuk, honi zikilia nyuma: "Dada, chuo cha Qurani watoto wanakwenda, lakini nyumbani hakuna kinachosomwa. Nikae nao kila siku, nitenge Jumamosi na Jumapili, au nitafute maalimu aje?" Zamani nilikuwa najibu papo hapo. Nilikuwa na watoto wawili wadogo na jibu moja. Sasa ninao watatu, mkubwa ana miaka 13, njia zote tatu nimezipitia na mbili zimewahi kunifia mkononi. Siku hizi, kabla ya kujibu, mimi ndiye ninayeuliza.

Namfikiria mzazi wa Mombasa ambaye mtoto wake yuko shule hadi saa 10 jioni, kisha chuo hadi karibu na Maghribi. Namfikiria pia yule aliyehama Majengo au Mji wa Kale akaenda Utange, Bamburi au ng'ambo ya Likoni, na chuo walichokizoea watoto kikabaki kisiwani. Mji wa Kale mtoto husikia sauti za chuo kabla hajafika mlangoni pake. Kwenye fleti ya ghorofa ya nne kule Utange anasikia jenereta. Kwa wa kwanza, ratiba ya nyumbani ni nyongeza ya chuo. Kwa wa pili, kwa muda, huenda ikawa ndiyo yote aliyo nayo.

Vipimo kabla ya kuchagua

Njia zote tatu nazipima kwa mambo matano. Kwanza, nani atakaa na watoto. Nauliza juu ya siku mbovu: mvua imepiga, feri imechelewa, mama ana homa. Pili, mdomo, yaani nani atasahihisha matamshi. Tatu, kinachoingia: Qurani peke yake, au pia udhu, sala, adabu na sira, yaani maisha ya Mtume. Nne, gharama, ya pesa na ya usingizi. Tano, ratiba ikivunjika itarudi vipi, kwa sababu itavunjika tu. Kuna mitihani, kuna harusi ya wiki nzima, kuna mafua yanayozunguka nyumba chumba kwa chumba.

Hilo la mdomo nilikuwa nalidharau. Mwanangu wa pili alikuwa akisoma sura ya Ikhlas kwa raha zake, "kul huwallahu ahad", na mimi pembeni natikisa kichwa kwa kuridhika. Siku moja nyanyake akamsimamisha: "Baba, nani alokwambia ule?" Mtoto akaduwaa. Nyanyake akamweleza: *qul*, kwa qafu inayotoka mwisho wa ulimi karibu na kimio, ni "sema". *Kul*, kwa kafu nyepesi, ni "kula". Miezi minne alikuwa akijiamrisha kula, na mimi nimekaa naye kila siku. Sisi Waswahili tuna bahati kwamba thaa na dhali tumezaliwa nazo. "Thamani" na "dhahabu" tunazitamka tangu utotoni. Lakini qafu, swadi, aini na ile haa ya kooni hazikai sawa bila sikio linalozijua.

Kidogo kila jioni, baina ya Maghribi na Isha

Hapa tuko karibu na ikweta, kwa hiyo Maghribi yetu haitangitangi. Mei na Novemba huingia karibu saa 12 na robo, Februari hufika kama saa 12 na dakika 40, basi. Kutoka hapo hadi Isha kuna takriban saa moja na dakika 10. Ukichukua dakika 20 katika hizo, bado chakula cha usiku kitaiva.

*Nani atakaa nao.* Hapa ndipo njia hii inaposimama au kuanguka. Saa hiyo hiyo ndiyo baba yuko kwenye foleni ya daraja la Nyali na mama ana sufuria mbili mekoni. Kwetu ilikuwa ikifa kila wiki ya tatu, mpaka nilipoacha kuita "darasa". Sasa tunasali jamaa sebuleni, na sheria ni moja: mkeka haukunjwi mpaka kila mmoja amesoma chake. Anayetaka televisheni atasoma upesi. Nikiwa jikoni, mkubwa anawasikiliza wadogo na mimi nasikiliza kwa mbali. Juzi kitinda mimba alikwama katikati ya sura ya Quraysh, akamwangalia kakake, kakake akaangalia dari. Nikamtilia neno kutoka jikoni, mwiko mkononi.

*Mdomo.* Ni mzuri kadiri ya mdomo wa anayesikiliza. Kisa cha *kul* kilitokea ndani ya ratiba hii hii.

*Kinachoingia.* Kwa kuhifadhi, sijaona njia nyepesi kuliko hii. Chukua sura 10 za mwisho, kutoka Al-Fil hadi An-Nas: zote pamoja zina aya 48. Aya moja kwa siku, siku nne kwa wiki, ni wiki 12, kama muhula mmoja wa shule. Hayo ni ya kwenye karatasi. Sisi tulitumia karibu mihula miwili, maana Al-Maun ilitukalia na kila tuliporudi kutoka likizo tulianza na marejeo. Alhamisi usiku hatuongezi aya mpya. Ni usiku wa kuamkia Ijumaa, Yasini inasomwa, na wadogo wanakaa kusikiliza au kusinzia, vyote viwili naviruhusu. Udhaifu wake ni kwamba fiqhi, yaani hukumu za ibada, hupata makombo. Dakika 20 hazitoshi kumfundisha mtoto sala ya msafiri na kujibu maswali yake sita.

*Gharama.* Pesa hakuna. Inakula jioni yako, na inagombana na kazi za shule, hasa zile za mtaala wa CBC zinazodai maboksi matatu na gundi saa 2 usiku.

*Ikivunjika.* Inarudi kwa urahisi, kwani Maghribi ya kesho ipo. Hatari yake ni kufa kimya: siku moja, siku tatu, halafu mtu anakumbuka Rajabu.

Inawafaa wenye watoto wadogo, na nyumba ambayo mtu mzima mmoja huwa ndani jua likizama. Kwa anayetoka kazini saa 2 usiku ni kujitesa.

Asubuhi mbili za wikendi

Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa 2 hadi saa 4 asubuhi, kabla jua halijapanda. Anayejua chumba chenye paa la bati mwezi wa Februari hataniuliza kwa nini si saa 6 mchana.

*Nani atakaa nao.* Mzazi anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa yupo, kapumzika, na hana haraka. Lakini mji huu unakula kwa bandari na hoteli, na huko zamu hazijui Jumapili. Kama wewe ni wa zamu, "wikendi" yako inaweza kuwa Jumanne jioni na Alhamisi jioni. Kanuni ni siku mbili ndefu. Angalia pia kama chuo chenu hakisomeshi asubuhi hizo hizo. Vyuo vingi husomesha, na mtoto hakatwi vipande viwili.

*Mdomo.* Ni kama jioni, ila kuna faida moja: wikendi ndipo shangazi, mjomba au nyanya anaweza kuwepo. Familia moja ninayoijua huko Kisauni hukusanya watoto wa ndugu watatu kwa nyanya yao. Wasomaji saba, mkeka mmoja mkubwa, na mwisho mahamri na mbaazi. Yule bibi hana shahada ya popote, lakini qafu haipiti mbele yake bila kushikwa shati.

*Kinachoingia.* Hapa ndipo wikendi inapoziacha njia nyingine nyuma, kwa sababu kuna muda wa kufanya, si kusema tu. Nitatoa mfano wa udhu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi faradhi zake ni sita: nia, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo, na kufuata mpango huo. Wangu walizitaja zote bila kukwama. Jumamosi moja nikampaka kila mmoja unga wa ngano kidogo kwenye kiwiko cha kushoto na nyuma ya kisigino, nikawapa kopo la maji, nikasema tawadheni. Wote watatu walirudi na unga kiwikoni. Mkubwa alijitazama muda mrefu akasema, "Kwa hivyo siku zote hizi?" Sikumjibu, maana nami nilikuwa nawaza kiwiko changu. Somo hilo lilichukua nusu saa pamoja na kufagia unga. Jioni za dakika 20 nisingelithubutu.

Sira pia inapata nafasi, na maswali. Yaelezeni kwa Kiswahili cha nyumbani. Hilo si jipya mjini hapa: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliandika mambo ya dini kwa Kiswahili katika gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932, watu wa kawaida wasome waelewe.

Kuhifadhi, kwa upande mwingine, kunateseka. Aya ya Jumapili ikifika Jumamosi imeshakuwa mvuke. Dawa tuliyoipata ni mtoto kuisoma sura ya wiki ndani ya sala zake za katikati ya wiki. Akisahau, anajua mwenyewe kabla sijajua mimi.

*Gharama.* Unga, sukari na asubuhi yako ya kulala. Kwa wenye vijana wa mpira, pia vita vya Jumamosi.

*Ikivunjika.* Hapa pabaya. Ukikosa wikendi moja kwa ajili ya harusi, umekaa siku 13 bila somo, kutoka Jumapili hadi Jumamosi ya pili yake. Na Mombasa hii, baada ya mfungo sita, mwezi wa Maulidi, kuna wikendi isiyo na harusi?

Inawafaa wenye watoto wa kuanzia miaka 8 au 9 wanaouliza "kwa nini", wazazi wa kazi za wiki, na familia zinazoweza kuunganisha watoto wa ndugu.

Maalimu anayekuja nyumbani

*Nani atakaa nao.* Yeye, lakini nawe uwepo. Darasa liwe sebuleni au barazani, mlango wazi, mtu mzima wa nyumba akipita na kurudi. Maalimu mzuri huomba hivyo mwenyewe. Bakora pia izungumzwe siku ya kwanza, kabla ya chai: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 29, inamlinda kila mtu na adhabu ya viboko, na somo la dini halina msamaha hapo. Kwa wasichana wakubwa wengi hupendelea ukhti, yaani mwalimu wa kike. Msichana aliyebaleghe ana siku zake ambazo kwa madhehebu yetu hashiki msahafu, na ni rahisi kumwambia mwanamke "leo tusome sira" kuliko kujificha chooni maalimu akigonga, jambo ambalo mimi nililifanya nikiwa na miaka 12.

*Mdomo.* Hapa ndipo penye nguvu zake, mradi umempima. Usione haya. Mwombe asome mbele yako, na muulize alisoma kwa nani. Pwani hii swali hilo halimuudhi mwenye elimu. Atakutajia maalimu wake, na pengine maalimu wa maalimu wake, kwa fahari. Kama wewe huwezi kupima, mwalike anayeweza aje kunywa chai saa ya somo la kwanza.

*Kinachoingia.* Kile ulichokiagiza. Wengi watakwenda moja kwa moja kwenye Qurani, kutoka herufi hadi juzuu ya Amma yenye sura zake 37, na hapo wana ufundi. Ukitaka fiqhi na adabu, sema mapema na mpangie siku yake. Somo la adabu, hata hivyo, sidhani linaweza kukodiwa lote. Mtoto atasoma kwa maalimu kwamba jirani ana haki, kisha atasikiliza unavyomsema jirani wa chini aliyemwaga maji.

*Gharama.* Kubwa kuliko zote. Malalamiko ninayosikia, hata hivyo, si juu ya kiasi. Ni juu ya kutoelewana. Ulizeni: ni kwa mwezi au kwa kikao? Kwa mtoto au kwa nyumba? Nauli juu ya nani? Siku ambayo nyinyi mmesafiri inalipwa? Ramadhani, anaposhughulika na tarawehe, ratiba inakuwaje? Mambo haya yakiachwa kwa "tutaelewana", ndiyo yanayofanya watu wawili wema waamkiane kwa ubaridi msikitini.

*Ikivunjika.* Inavunjika yote kwa pamoja. Maalimu wetu alikuwa mzuri sana. Alikwenda kwao kuuguza mzazi wake, akakaa miezi miwili. Wiki ya sita nikapangusa vumbi kwenye marfaa ya kuwekea msahafu. Watoto walikuwa wameelewa kwamba kusoma ni jambo la maalimu. Bila maalimu, hakuna kusoma. Kosa hilo lilikuwa letu.

Inawafaa wazazi ambao kusoma kwao wenyewe kunayumba, mtoto aliyekwama kwenye herufi huku wenzake wakimpita chuoni, na nyumba iliyo mbali na chuo.

Na simu je?

Siioni kama njia ya nne. Ni msaidizi wa hizi tatu. Sauti ya msomaji wa polepole inayorudiwa mara kumi inasaidia kuhifadhi, na maalimu wa kwa video anaweza kusahihisha mdomo ikiwa mtandao haukatikikatiki. Lakini programu ya kusikiliza haimsikilizi mtoto. Ingeweza kumwacha mwanangu na *kul* yake hadi aoe. Na simu hiyo hiyo ndiyo yenye katuni.

Ukiangalia hali ya kwako

Watoto chini ya miaka 7: jioni fupi, hata dakika 10, na kusali pembeni yenu bila kulazimishwa. Hadithi inayojulikana ya kuwaamrisha watoto sala inaanza kwenye miaka 7, basi kabla ya hapo acha wazoee mkeka. Kumleta maalimu kwa mtoto wa miaka minne naona ni kumchosha maalimu.

Miaka 7 hadi 10 na tayari yuko chuo siku zote za wiki: usimwongezee aya mpya nyumbani. Chuo kinampa za kutosha. Jioni ziwe za kurudia alichopewa chuoni, na asubuhi moja ya wikendi, moja tu, iwe ya vitendo: udhu, kisimamo cha sala, dua za kuingia na kutoka.

Mmehama na chuo kiko mbali: hapa ningetoa pesa. Maalimu siku mbili au tatu kwa wiki kwa ajili ya mdomo, na siku zilizobaki mkeka usikunjwe. Bajeti ikiwa ndogo, sema na jirani mwenye watoto, msomeshewe pamoja. Maalimu mmoja na watoto watano barazani ni chuo tayari.

Wazazi wa zamu: siku mbili ndefu zinazofuata zamu, zikiandikwa upya kila mwezi ukutani, pamoja na kazi ndogo ya mkubwa kusikiliza wadogo. Kwa nyumba hizi kila jioni ni ahadi itakayoleta lawama tu.

Kijana wa miaka 12 na kuendelea: mpunguzie kukaririshwa, mwongezee mazungumzo. Wikendi inafaa. Tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1969, imo katika nyumba nyingi za hapa. Soma naye kurasa mbili na umwache aulize. Wangu aliuliza swali ambalo sikulijua jibu. Nikampeleka kwa imamu wetu baada ya Alasiri, na walikaa nusu saa mimi nikiwangoja nje na viatu vyao.

Mzazi asiyejua kusoma Kiarabu: una njia mbili, na zinaweza kwenda pamoja. Mlete maalimu, nawe ukae mkekani kama mwanafunzi. Nimewaona kina mama wawili walioanza hivyo, mmoja akamtangulia mwanawe. Jioni nyingine mtoto akusomee na wewe usikilize tu. Ili kusikiliza, si lazima ujue.

Na kama bado hujaamua, wiki hii usibadilishe kitu. Bandika karatasi kwenye mlango wa friji, na kila usiku uandike saa ambazo mtu mzima alikuwa nyumbani, hayuko jikoni, na watoto wako macho. Siku saba. Kwetu, mara ya mwisho tulipofanya hivyo, karatasi ilitoa Jumatatu, Jumatano na Jumapili asubuhi. Nilikuwa nimepania siku tano. Tukaanza na hizo tatu.